Rangi ya Sakafuni Si Hati

Ukitaka kujua ghorofa jipya la makazi litakuwa na ugomvi kiasi gani, huna haja ya kusubiri watu wahamie. Omba mchoro wa maegesho, omba na mkataba wa mauzo, uviweke mezani kimoja kando ya kingine. Mchoro ukiwa na namba za paki ambazo mkataba hauzitaji, jua kila mnunuzi ameuziwa nyumba na kesi kwa bei moja.

Nasimamia majengo ya makazi hapa Dar es Salaam. Kwenye barua ya ajira kazi yangu ni pampu za maji, lifti, jenereta, taka na walinzi. Kwa vitendo, simu inayolia baada ya saa mbili usiku mara nyingi ni ya gari: kuna mtu kanizibia, kuna mtu kakaa kwangu, mwambie mlinzi wako. Lifti ikiharibika watu hunung'unika huku wakipanda ngazi. Paki ikikaliwa na mwingine, mtu mzima mwenye heshima zake, anayesali safu ya mbele, anashuka na msuli na singlendi kuja kutukana.

Chanzo kiko mbali na usiku huo. Jengo likiwa bado zege na nondo, nyumba zinauzwa kwa picha. Kijana wa mauzo anamzungusha mteja sakafu ya chini na kumwonyesha kwa kidole: hapa ni pako, bosi, na mgeni wako atakaa pale. Mteja wa pili, Jumamosi hiyohiyo, anaonyeshwa palepale. Siku chache kabla ya kukabidhi jengo anakuja fundi na kopo la rangi nyeupe, anaandika namba kwa mfuatano anaoujua yeye, akianzia mlango alioukuta wazi. Namba moja inaangukia kando ya lifti, nyingine inaangukia chini ya bomba la majitaka. Hizo ndizo namba ambazo watu wataapia kwa miaka.

Tanzania ina sheria ya mwaka 2008 inayoruhusu jengo moja kugawanywa, kila sehemu ikapata hati yake. Mtu anamiliki nyumba yake, na vilivyobaki, yaani ngazi, paa, korido na njia za magari, ni mali ya pamoja inayosimamiwa na chama cha wamiliki. Mimi huuliza swali moja tu: paki iko upande gani? Inaweza kuwa sehemu ya nyumba yako, ikiwa ramani na hati vinasema hivyo. Inaweza kuwa mali ya pamoja, na chama kikaamua nani aitumie na kwa masharti gani. Majibu yote mawili nimeishi nayo na yote yanalaza watu usingizi. Linalotesa ni lile la tatu, ambalo ndilo la kawaida: hakuna aliyeamua, kila mtu ana ahadi ya mdomo, na kijana wa mauzo ameshahamia mradi mwingine.

Halafu kuna sentimita. Paki nyingi ninazokabidhiwa zina upana wa mita mbili na nusu na urefu wa mita tano. Toyota IST ya toleo la kwanza, gari lililojaa mji huu, ina upana wa mita 1.7 hivi na urefu usiofika mita 3.9. Inaingia, mlango unafunguka, mtoto anashuka na begi lake la shule. Land Cruiser 200, tunayoiita V8, ina upana wa karibu mita 2 na urefu wa karibu mita 5. Iweke katikati kabisa ya mistari: inabaki robo mita kila upande, na hakuna mtu mzima anayeshuka kwenye robo mita. Kwa hiyo dereva anabana upande wa jirani ili upande wake ufunguke. Asubuhi mama mwenye IST anakuta mlango wake haufunguki, anaingilia upande wa abiria na sketi yake ya ofisini, anaanza siku akiamini amedharauliwa. Mwenye V8 naye anaapa kwamba matairi yake yamo ndani ya mistari. Ukienda kutazama, kweli yamo.

Ndiyo maana natembea na futi mfukoni. Ukianza kupima mbele ya watu, sauti zinashuka, kwa sababu ghafla mwenye kosa ni mchoraji, na mchoraji hayupo. Baada ya hapo naweza kusema: mzee, gari lako tulipeleke ile ya kona, upande mmoja ni ukuta, hutasumbuana na mtu. Mara nyingi anakubali, hasa ukimwambia kona ina kivuli. Ila makubaliano hayo lazima yaandikwe na kusainiwa na pande zote mbili pamoja na chama. Yasipoandikwa, mwaka mmoja akauza nyumba yake, mnunuzi mpya atakuja na namba aliyoambiwa na dalali, na tutaanza moja.

Kamati nyingi hutunga kanuni halafu humkabidhi mlinzi azitekeleze. Hapa sina upole. Mlinzi wa geti analipwa mshahara usiotosha kununua matairi manne ya gari analoambiwa alizuie. Anaulizwa, "Unajua mimi ni nani?" na anajua vizuri sana, ndiyo maana anafungua. Asubuhi kamati inamwita kumhoji kwa nini alifungua. Kwenye majengo yangu mlinzi ana kazi tatu tu: kuandika namba ya gari, kuandika saa, na kumpigia mhusika. Hajibizani na mwenye nyumba. Barua ya onyo inatoka kwa chama, ina saini ya jirani aliye sawa naye, na jirani huyo ndiye atakayekutana naye kwenye lifti.

Kuna pia wanaopenda kufunga tairi kwa mnyororo. Nimepinga kwenye kila kikao. Gari limekaa mahali pasipotakiwa, nawe unalifunga lisiondoke! Mwenyewe anarudi, anakasirika, anapanda zake kulala, na aliyezibiwa anakwenda kazini kwa bajaji. Karatasi yenye namba ya simu nyuma ya kioo cha mbele imenisaidia kuliko minyororo yote niliyowahi kuiona ikinunuliwa. Mahali pamoja tu sijadiliani: njia ya gari la Zimamoto. Hapo gari linavutwa, liwe la mwenyekiti wa chama au la mkwe wake, kwa sababu siku moto ukiwaka na mtu akapiga 114, gari lile kubwa litahitaji kukata kona palepale ambapo mgeni wa ghorofa ya tano ameona "panafaa kwa dakika mbili."

Watu hupendekeza kila mara kwamba namba zifutwe na atakayewahi akae. Inasikika ya haki. Lakini katika mji wa foleni, atakayewahi ni yule yule kila siku: mstaafu, mwenye duka la karibu, na yule ambaye tangu mwendokasi ianze 2016 huliacha gari nyumbani na kupanda basi kwenda mjini. Nesi anayetoka zamu saa tatu usiku hatawahi hata siku moja. Waliokulia kwenye maghorofa ya Upanga hunikumbusha kwamba kule hakukuwa na namba wala kelele. Ni kweli, lakini mengi ya yale yalijengwa wakati ambapo kuwa na gari kulikuwa jambo la wachache, na chini ya mwarobaini palitosha wote. Siku hizi nyumba moja ya vyumba vitatu ina gari la baba, la mama, na la kijana aliyemaliza chuo na hajapata kwake.

Wapangaji ni sura yao peke yao. Mpangaji amelipa kodi ya mwaka mzima mkupuo, anajiona ana haki zote, na ni vigumu kumlaumu. Ila kwenye chama hana kura, na mwenye nyumba yuko Mwanza au Muscat na hapokei simu. Kanuni za paki zisipoambatanishwa kwenye mkataba wa upangaji, mpangaji atazisikia kwa mara ya kwanza kutoka kwa jirani mwenye hasira.

Kanuni yoyote ya maegesho naipima kwa msiba. Jirani akifiwa, turubai linafungwa eneo la wageni, viti vya kukodi vinashushwa, masufuria yanabandikwa, na ndugu kutoka Tanga na Moshi wanaingia usiku wa manane. Hakuna kamati ya mji huu itakayomwandikia mfiwa barua. Kwenye jengo moja wakazi waliamua wenyewe: msiba ukitokea, wenye gari ndogo wanapaki nje ya geti, vijana wanapeana zamu ya kuzilinda, njia ya katikati inabaki wazi. Siku ilipofika, wale wawili wa V8 na IST, ambao salamu zao zilikuwa zimekatika muda mrefu, walisimama getini pamoja kuelekeza magari ya wafiwa. Baada ya arobaini wakarudi kununiana kama kawaida. Tatizo ni wanaodai hadhi ya msiba kwa mambo ya furaha. Kicheni pati si msiba, hata kama bibi harusi ni mtoto wa mweka hazina.

Yakishindikana, watu hukimbilia kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa. Huja kwa kuheshimu waliomwita, hukaa, husikiliza, na mara nyingi hufanikiwa kwa sababu tu ni mtu wa nje ambaye wote wanamwamkia shikamoo. Wanaotaka kwenda mbele zaidi nawaeleza kwamba tangu marekebisho ya sheria ya 2021 baraza la kata kwenye migogoro ya ardhi linasuluhisha tu, haliamui tena. Wanaobaki na hasira baada ya hapo wanatafuta wakili, na nimeona wakili mzuri akimuuliza mteja swali lilelile langu: paki hii imeandikwa wapi? Mteja akatoa picha ya sakafu kwenye simu.

Sasa kuna jipya. Mkazi mmoja amenunua bajaji ya umeme, anaichaji kwa waya mrefu uliochomekwa kwenye soketi ya korido, ambayo LUKU yake tunalipia wote. Jirani yake ameuchomoa mara kadhaa bila kusema neno. Mwenye bajaji anasema taa za korido nazo zinawaka mbele ya mlango wa huyo jirani usiku kucha na hajawahi kulalamika. Chama kimeitisha kikao Jumamosi saa kumi jioni. Nimemwita fundi umeme aje na bei ya mita ndogo, na nimewaomba waamue kabla hajafunga: mita iwe ya paki ile, au ya mtu yule, ambaye kesho anaweza kuhama nayo.