Zamu ya Maji

Mwanangu,

Nakuandikia nikiwa barazani, mkono unatetemeka na macho yanachelewa kuuona mstari, na kwa kuwa mtu hajui jua lake litatua saa ngapi, nimeona nikuambie sasa habari za lile shamba la Mabogini ninalokuachia.

Si kubwa, ni hekta 0.3 tu. Kihamba cha babu yako, lile shamba la ukoo huko mlimani, kiligawanywa kwa wana mpaka kikabaki cha migomba ya kuhesabika, ndipo nikashuka tambarare ya Mabogini, ambako mkulima alikuwa akilima huku akiitazama mbingu. Kisha wakaja Wajapani. Kwa mkopo wa nchi yao yakajengwa mabanio kwenye mito ya Rau na Njoro, mifereji ikapitishwa, mashamba yakasawazishwa, na mradi wa Lower Moshi ulipokamilika mwaka 1987 takriban hekta 1,100 zilikuwa tayari kwa mpunga. Tulifundishwa kuandaa kitalu, kupandikiza kwa mstari na kuweka mbolea kwa wakati wake, na mavuno yakafika tani sita hivi kwa hekta. Ada yako ya shule na bati za nyumba hii zimetoka humo. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone; nami nashuhudia kwamba tulipona.

Lakini majirani wa juu ya mto nao walipoona mpunga unalipa, wakayaelekeza maji ya mito ileile kwenye mashamba yao, na nani angewalaumu, ilhali nao walikuwa na watoto wa kulisha? Maji yakapungua huku chini, majaruba mengi yakalala bila kulimwa. Wataalamu walikuwa wamepima maji ya mto, ila macho ya jirani hayana kipimo.

Hata mimi, mwanangu, sikuwa msafi. Msimu mmoja wa ukame, zamu yangu ikiwa bado siku mbili, niliamka usiku nikafungua lango la maji. Kulipopambazuka jaruba langu lilikuwa linameremeta, na la jirani yangu mjane, mpunga wake ukiwa umebeba mimba, limepasuka nyufa. Alivuna makapi. Hakuna aliyeniona, nami nikanyamaza misimu mitatu, kila sahani ya wali ikinikwama kooni, mpaka nilipochuma jani la isale, ishara yetu ya kuomba msamaha, na kwenda kwake kuomba radhi. Alilipokea kwa mikono miwili, akanyamaza kitambo, kisha akasema tu: "Kesho tunasafisha mfereji. Usichelewe."

Kwa hiyo msaada ukija tena, na utakuja, upokee kwa heshima, usiudharau wala usiuabudu. Uliza ni nani atakayenunua spea wageni wakishaondoka, na ni nani atakayesimamia zamu. Kule wilayani Hai Wajerumani walisaidia kujenga maji ya bomba, na wananchi wakakubali kulipia ndoo zao na kuyaendesha kwa bodi zao wenyewe. Na kabla ya Mjerumani na Mjapani, babu zetu walichimba mifongo, mifereji yetu ya asili, mlimani kwa majembe yao, na aliyekwepa kazi ya kuisafisha alijua atadaiwa. Saruji huweza kuletwa na meli, mwanangu, lakini uaminifu wa kungoja zamu kila kijiji hujilelea chenyewe, na usipoziba ufa utajenga ukuta.

Najua utajikwaa, maana wewe ni damu yangu. Utafika usiku ambao mpunga wako utakuwa na kiu, lango liko mbele yako na hakuna anayekuona. Siku hiyo nikumbuke, urudi ukalale. Na kama utakuwa umekwisha kulifungua, usingoje misimu mitatu kama mimi. Masale yapo mpakani mwa kihamba, nimeyapanda mwenyewe.

Ni mimi, baba yako.