Rangi ya Damu ya Mzee

Kwa miaka 35 niliyofundisha Kiswahili katika shule za sekondari, nimesahihisha insha nyingi mno zilizoanza na jua kuzama. Jua lilizama kama chungwa lililoiva, au kama sahani ya dhahabu, au lilikwenda kulala nyuma ya milima. Nilizipigia mstari mwekundu insha hizo, nikaandika pembeni: “Tazama mwenyewe, usiazime macho ya wengine.” Ninazo daftari mbili za mashairi yangu niliyoyatunga katika miaka hiyohiyo. Nimezipitia upya hivi karibuni na kukuta machweo ya dhahabu yametajwa mara kumi na moja. Yote niliyatungia mezani, dirisha likiwa limefungwa kwa ajili ya mbu.

Nayaeleza haya kwa sababu ya jioni moja ya mwezi wa Julai mwaka jana, ambapo binti yangu alinichukua kwenda kupiga picha za mandhari katika jabali la Irente, nje kidogo ya mji wa Lushoto.

Sina budi kueleza kwanza kilichokuwapo baina yetu. Binti huyu ni kitinda mimba wangu. Alipomaliza kidato cha sita aliniomba ruhusa ya kwenda Tanga kujifunza kazi kwa mpigapicha mmoja aliyekuwa na studio. Enzi zile nilikuwa bado nakumbuka mikanda ya picha 36, iliyopelekwa kusafishwa na kurudi nusu yake imeungua. Niliona ni kazi ya kubahatisha. Nilimjibu mbele ya mama yake na ndugu zake: “Kazi ya kuvizia nyuso za watu si kazi.” Nikampeleka chuo cha ualimu, kama nilivyopelekwa mimi. Alihitimu, akafundisha miaka miwili, kisha akaacha bila kuniaga, akaenda Dar es Salaam kupiga picha za harusi. Tangu hapo tulizungumza kama watu wanaosubiri basi moja: shikamoo, marahaba, habari za afya, hela imefika. Miaka minane ilipita namna hiyo.

Kwa hiyo alipokuja likizo na kuniambia, “Baba, vaa sweta, twende Irente jioni hii,” nilivaa upesi kuliko umri wangu unavyoruhusu.

Tulifika yapata saa kumi na moja. Anayefika pale kwa mara ya kwanza hushtuka, kwa maana ardhi hukatika ghafla. Unasimama juu ya mwamba, na chini yako, mbali mno, imelala nyika. Wasambaa huiita milima yao Shambaai, na tambarare ile ya chini huiita nyika. Ukisimama pale unaelewa kwamba maneno hayo mawili yamegawanywa na jabali lenyewe. Chini ilionekana Mazinde, mashamba ya mkonge yaliyopangwa kwa mistari kama daftari la hesabu, na barabara kuu iendayo Moshi, ambayo malori yake yalikuwa madogo kama siafu. Upande wa kaskazini-magharibi ilikaa milima ya Upare, nyuma ya ukungu mwembamba.

Binti yangu alifungua stendi yake ya miguu mitatu, akafunga kamera juu yake, kisha akaketi. Nilimwuliza mbona hapigi. Akasema, “Bado, Baba. Mwanga huu ni mkali, unabapaza kila kitu. Tusubiri.” Akatoa chupa ya chai na maandazi. Tukala kimya. Ajabu ni kwamba kimya kile hakikuwa cha miaka minane. Kilikuwa cha watu wawili wanaotazama kitu kimoja.

Kadiri jua lilivyoshuka, vivuli vilirefuka, na makorongo ambayo hayakuonekana nusu saa kabla yakajichora ubavuni mwa mlima. Kila kichaka kilipata upande wake wa nuru na upande wake wa giza. Hapo ndipo alipoinuka. Akanionyesha jinsi ya kuweka mstari wa upeo wa macho theluthi ya chini ya picha ili mbingu ipate nafasi, na jinsi ya kuacha jiwe moja mbele ili jicho lipate pa kukanyaga kabla ya kuruka bondeni. Niliguna. Nimefundisha utunzi wa ushairi miaka mingi, na nilichokisikia kilikuwa ni vina na mizani.

Jua liligusa ukingo wa dunia kabla ya saa kumi na mbili na nusu. Huku kwetu, karibu na ikweta, jua hushuka karibu wimawima, nalo likishagusa upeo huzama lote kwa dakika mbili hivi. Dhahabu yangu ya daftari mbili ilikuja ikaondoka. Wageni waliokuwa pale walipiga makofi, wakakunja vitu vyao, wakaondoka. Mimi nami nikaanza kukusanya vikombe.

“Unakwenda wapi, Baba?” akaniuliza. “Ndiyo kwanza inaanza.” Kisha akacheka kidogo, akaongeza: “Mashairi yako yote huishia hapa walipoishia hawa.”

Sikujua kama aliwahi kuyasoma mashairi yangu.

Nikaketi tena. Aliyoyasema yalikuwa kweli tupu. Jua likiwa limeshazama, nuru yake huendelea kuangaza anga ya juu, na kwa kuwa hupita masafa marefu ndani ya hewa, ubuluu wake hutawanywa njiani na wekundu ndio unaosalia. Mawingu yaliyokuwa meupe yakashika moto kwa chini. Rangi ikabadilika kila dakika, nami, kwa mazoea ya mwalimu, nikaanza kuzitaja kwa sauti: rangi ya chungwa, ya waridi, ya zambarau. Upande wa pili, mashariki, samawati ilikuwa ikigeuka kijivu.

Nikamweleza binti yangu jambo ambalo nililifundisha kwa mazoea bila kulifikiri: rangi zetu nyingi ni vitu tulivyovishika kwa mikono. Kijani ni jani. Kijivu ni jivu. Kahawia ni kahawa. Zambarau ni tunda linalopaka ulimi. Maji ya kunde ni maji yaliyosalia chunguni. Wahenga hawakukaa mezani kubuni majina ya rangi. Walitazama jikoni na shambani. Alinisikiliza huku akibadilisha lenzi. Kisha akaelekeza kidole kwenye utepe wa mwisho uliosalia juu ya nyika, wekundu mzito uliokaribia weusi.

“Na ile, Mwalimu?”

Hakuwa ameniita Mwalimu tangu alipoacha kazi. Nikatazama. Jina nilikuwa nalo, nalo ni la zamani, wauza vitambaa wanalijua.

“Ile ni damu ya mzee,” nikasema.

Akarudia polepole, “Damu ya mzee,” kama anayeonja. Kisha hakusema neno, nami sikusema. Nilijua kwamba wakati wa kusema ulikuwa huo. Nilipita akilini mwangu kama mtu apekuaye kabati: misemo, methali, tamathali. Methali zote zilizonijia zilikuwa za wazee kuwaonya watoto. Hata moja haikunipa njia ya mzee kumwendea mtoto. Basi nikasema kama nilivyoweza: “Mwanangu, siku ile nilisema si kazi. Nilisema mbele ya watu. Niwie radhi.”

Hakugeuka. Alikuwa ameinama juu ya kamera. Baada ya kitambo akasema, “Baba, nenda kasimame pale penye jiwe. Usitikisike. Giza limeingia, lazima mlango wa kamera ukae wazi sekunde nane.”

Nikaenda. Nikasimama na bakora yangu, uso nimeuelekeza nyikani. Sekunde nane si nyingi, lakini jaribu kusimama kama jiwe kwa sekunde nane huku koo limekukaba. Nikasikia kamera ikilia kidogo, kisha sauti yake: “Tena moja.” Tukafanya tena. Na tena. Mara ya nne akasema, “Imekubali,” akaja akanishika mkono, kwani njia ya kurudi ilikuwa na mizizi na sikuwa naiona. Tulipofika barabarani akasema, bila kunitazama, “Nilikuwa nimekuwia tangu zamani, Baba. Nilikuwa nangoja ulitaje.”

Picha hiyo sasa iko ukutani kwangu. Sura yangu haionekani. Kuna mwamba, kuna taa chache za Mazinde, kuna utepe wa wekundu mzito, na pembeni kuna kivuli cha mtu mwenye bakora. Ubeti ufuatao niliuandika usiku uleule, nao nimeuacha kama ulivyokuja:

Jua lilipoinama, nilimwona kwa makini,
Mwana wangu kasimama, kamera i mkononi,
Nikatafuta kusema, neno li wapi moyoni?
Damu ya mzee juu, na mzee yuko chini.

Tangu jioni ile nimekuwa nikitoka. Sina kamera zaidi ya simu yangu, nayo si ya kutajwa. Lakini huketi nje hata baada ya jua kuzama, nikahesabu rangi hadi zinapokwisha. Nimegundua pia kitu nilichokifundisha bila kukisikia. Kiswahili husema usiku kucha na mchana kutwa. Kucha ni kupambazuka, na kutwa ni kuchwa, yaani kuzama kwa jua. Kumekucha, kumekuchwa: asubuhi na jioni zimetenganishwa na herufi moja tu. Mtu wa umri wangu hulipenda jambo hilo, kwamba kati ya mwanzo na mwisho pana sauti ndogo tu ya midomo.

Wanafunzi wangu wa zamani, kama mmo miongoni mwa wasomao haya, mniwie radhi nanyi kwa ile mistari myekundu. Ushauri ulikuwa sahihi, mshauri ndiye hakuwa ameufuata. Nanyi washairi wenzangu, nina ombi. Jueni kwamba kijijini kwenu, kwa bibi zenu na kwa mafundi cherehani wenu, yapo majina ya rangi ambayo hayajaingia katika daftari la mtu. Yakusanyeni mkiwa nje, kwenye mwanga wake, na msiondoke jua linapozama.