Ruta Iko Sabule, Kazi Iko Ndani

Mpwa wangu,

Mjomba wako amepokea ujumbe wenye picha na malalamiko. Ameelewa kwamba mpwa wake amehamia nyumba ya bibi yake Lamu, kazi ya kufasiri kwa intaneti ameipata, meza ameiweka ndani kabisa kwa sababu ndiko kwenye kimya na ubaridi, na kila mkutano wa video ukianza sura za watu zinaganda. Sasa anaomba achangiwe pesa za kupandisha kifurushi. Pesa mjomba anazo, ila kwa shughuli hiyo hatozitoa.

Nyumba za mawe za Lamu zilijengwa na watu waliotaka mambo ya ndani yasifike njiani. Mgeni huketi dakani, barazani pa mlangoni. Akizidi kuheshimiwa huingizwa sabule, chumba cha wageni. Baada ya hapo kuna kiwanda, yaani ua wa katikati, kisha kumbi za msana wa tini na msana wa yuu, na nyuma kabisa chumba kiitwacho ndani. Kuta ni za matumbawe na chokaa, unene wake kama nusu mita. Vyumba ni virefu na vyembamba, upana wake mita tatu hivi, kwa kuwa boriti za mikoko hazivuki zaidi ya hapo. Ndiyo maana mtu akitembea hatua chache tu huwa amekwisha kupita ukuta baada ya ukuta. Wi-Fi nayo hupita kuta hizo hizo. Fundi wa intaneti alifanya wanavyofanya mafundi wengi: alifunga ruta pale waya ulipoingilia, sabule, karibu na mlango. Taa za kijani zikawaka, akaaga.

Nguvu ya mawimbi hupimwa kwa desibeli, na hesabu yake si ile ya sokoni. Ikishuka kwa desibeli 3, nusu ya nguvu imekwenda. Ikishuka kwa 10, imebaki sehemu moja ya kumi. Kwa 20, moja ya mia. Zipo programu za bure za simu za Android zinazoonyesha namba hii, nayo huandikwa na alama ya kutoa. Kando ya ruta itasoma −35 au −40. Kwa mazungumzo ya video mafundi hupenda isiwe dhaifu kuliko −67. Ikifika −80, alama ya Wi-Fi bado iko juu ya kioo cha simu, lakini kazi hakuna.

Picha zilizotumwa zinasema yote. Kiwandani −52, msana wa yuu −68, mezani −81. Kutoka kiwandani hadi mezani zimepotea desibeli 29, maana yake kilichofika ni kama sehemu moja ya mia nane ya kile kilichokuwa kiwandani, ambacho nacho kilikwisha kupunguzwa na ukuta wa sabule. Kifurushi cha megabiti 40 kitafika sabule kizima, halafu kitafia njiani palepale kinapofia hiki cha 10. Na masika hali huweza kuzidi, kwani matumbawe yana vitundu na hunywa unyevu, na maji hunyonya mawimbi ya aina hii.

Kabla ya lolote, kompyuta ichomekwe kwenye ruta kwa waya na kasi ipimwe. Ikiwa megabiti 10 zilizolipiwa zinaonekana, kampuni haina deni. Tatizo ni la nyumba. Zisipoonekana, hapo ndipo pa kupiga simu na kulalamika, tena kwa sauti. Watu wengi huanza na simu, wakabishana na kijana wa huduma kwa wateja mpaka salio likaisha, kumbe ruta yao imefungiwa kabatini.

Tukija kwenye kuficha ruta: ile picha ya sabule mjomba ameikuza akaitazama vizuri. Mama mdogo wako ameipa ruta heshima. Ameiweka chini, nyuma ya kioo kikubwa cha kujitazamia, akaifunika kitambaa cha kufuma. Kitambaa hakizuii mawimbi, kinazuia joto lisitoke, na ruta ikipata joto sana huanza kujizima. Kioo ndicho adui hasa, kwani mgongo wake umepakwa utando wa madini unaorudisha mawimbi yalikotoka. Friji, mabati na tangi la maji vina tabia hiyo hiyo ya kuzuia, kila kimoja kwa namna yake. Ruta ipandishwe juu, kifua cha mtu au zaidi, pahali panapotazamana na mlango wa kuingilia kiwandani. Antena zake zisimame wima, maana antena ya fimbo hutupa mawimbi ubavuni, si nchani. Zikilazwa zote, orofani kutapata zaidi na chini kutakosa. Haya hayagharimu hata shilingi, na mara nyingine huokoa desibeli kadhaa. Ila nyumba hiyo hayataimaliza.

Ruta nyingi za siku hizi hutoa mawimbi ya namna mbili. Yale ya gigahezi 5 yana kasi lakini huchoka mapema ukutani. Ya gigahezi 2.4 hupenya vizuri zaidi, ila ni ya polepole na yana msongamano. Mwaka 1985 mamlaka ya mawasiliano ya Marekani, FCC, ilifungua kwa mawasiliano yasiyo na leseni masafa yaliyokuwa yameachiwa vyombo kama oveni za maikrowevu. Wi-Fi ikazaliwa katika ujirani huo, na hadi leo maikrowevu ikiwaka jikoni masafa ya 2.4 huchafuka. Humo chaneli zisizogongana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Katika fleti za hapa Mombasa, ambako ruta za majirani zimejazana kwenye orodha ya simu, chaneli tatu ni chache mno. Ndani kwa bibi ni kinyume. Kuta zinazomnyima mpwa mawimbi yake zinawazuia pia majirani, hivyo hewa ya chumba kile ni safi. Chombo kidogo cha Wi-Fi kikiwekwa humo humo, hata kwa nguvu ya chini, kitafanya kazi kwa raha ambayo mwenye fleti ataiota tu.

Suala ni namna ya kukifikishia intaneti. Dukani atauziwa ripita kwanza, kwa sababu ni rahisi na haina waya. Ripita hupokea mawimbi na kuyatoa upya, na zile za bei ya chini hufanya yote mawili kwenye chaneli moja, hivyo kasi hukatika karibu nusu. Tena watu huichomeka kwenye chumba kisicho na mawimbi, ambako haina cha kurudia. Mahali pake ni katikati, pale ambapo namba bado ni nzuri. Kwa nyumba hii katikati ni kiwandani, na kutoka kiwandani hadi mezani kuta zinabaki zilezile. Mjomba haipendekezi.

Waya ndio jibu. Waya wa mtandao wa daraja la Cat5e hubeba gigabiti moja kwa sekunde hadi mita 100, na nyumba nzima haifiki hata nusu ya urefu huo. Utoke sabule, uzunguke kiwanda chini ya ukingo wa paa, upitie juu ya milango, ufuate boriti mpaka ndani. Ukuta usitobolewe, hasa penye zidaka, vile vishubaka vya mapambo. Mji wa Kale wa Lamu umo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO tangu 2001, na kutindua plasta ya zamani si jambo la kuamuliwa na fundi mwenye drili na mama mdogo peke yao. Milango ipo, ipitiwe hiyo.

Kwenye kununua kuna mtego. Nyaya nyingi za bei ya kutupa ni za alumini iliyopakwa shaba kwa juu. Hukatika zikikunjwa, na zikipewa kupitisha umeme wa kifaa hupata joto. Uulizwe wa shaba tupu. Kipande cha kiwandani kiwe cha aina ya nje, ganda jeusi, kwa sababu jua hupasua lile la kawaida. Vichwa vya waya visiachwe wazi, chumvi ya bahari huvila.

Urefu upimwe kwa kamba kupitia njia hiyo, kona zote zihesabiwe, na mita tatu ziongezwe. Namba itumwe kabla ya Ijumaa, kwani kuna mtu wa kwetu anapanda basi la kuja huko kupitia Mokowe Jumamosi, naye atabeba waya pamoja na kile chombo kidogo.

Ni mimi mjomba wako,
Mombasa