Kusoma Kuta za La Rochelle

Mji wa kale wa bandari ni matini iliyoandikwa na mikono mingi. Kuna mkono wa tajiri aliyejenga kwa mawe ya kuchonga, kuna mkono wa mtawala aliyebomoa, na kuna mkono wa mfungwa aliyekwaruza jina lake ukutani kwa chochote alichokipata. Mhakiki aliyezoea tenzi, ambamo aghalabu mtunzi hujitaja katika beti za mwisho, hukabiliwa hapa na utungo usiokuwa na mwenyewe mmoja. La Rochelle, katika pwani ya magharibi ya Ufaransa, ni mfano mwafaka wa utungo wa aina hiyo.

Dibaji yake ni minara miwili iliyosimama kwenye mlango wa bandari. Mnara wa Saint-Nicolas ulikamilika mwaka 1376. Una kimo cha takriban mita 42, nao umeinama kidogo, kwa kuwa ulisimamishwa juu ya magogo ya mwaloni yaliyopigiliwa matopeni. Ule wa pili, ng'ambo ya mlango, huitwa Mnara wa Mnyororo. Usiku mnyororo ulivutwa baina ya minara hiyo, na chombo chochote kisiingie wala kisitoke. Mji huu ulitajirika kwa mvinyo na chumvi, na mwaka 1199 Eleanor wa Aquitaine aliuthibitishia haki ya kujiendeshea mambo yake. Minara hiyo basi ni majigambo ya mawe: wenyeji wanamwambia mgeni kwamba ufunguo wa nyumba wanao wao.

Majigambo hayo yalijibiwa. Mwaka 1627 mji, uliokuwa ngome ya Waprotestanti, ulizingirwa na majeshi ya Mfalme Louis wa 13. Kadinali Richelieu aliamuru ujengwe ukuta wa mawe na merikebu zilizozamishwa, wenye urefu wa kiasi cha mita 1,500, ukatize ghuba ili msaada wa Waingereza usifike. Mji ulikatiwa chakula kwa muda uzidio mwaka mmoja. Uliposalimu amri, mwezi wa Oktoba 1628, inakadiriwa kwamba watu wapatao 5,000 tu ndio waliosalia kati ya 27,000 hivi. Kuta za upande wa bara zikabomolewa. Minara ya baharini ikaachwa.

Ajabu ni kwamba wasomaji wengi duniani hawalijui tukio hili kwa njaa yake. Wanalijua kwa kiamshakinywa. Katika riwaya ya Alexandre Dumas, *Les Trois Mousquetaires* (1844), mashujaa wanaweka dau kwamba watakaa saa nzima katika boma lililo karibu na adui, nao wanakula na kuzungumza siri zao huku risasi zikivuma. Usimulizi huo ni wa ustadi mkubwa, na hakuna sababu ya kumlaumu mtunzi kwa kuwaburudisha wasomaji wake. Hata hivyo, mhakiki hana budi kuuliza mtazamo umewekwa wapi. Umewekwa nje ya kuta, upande wa wanaozingira, penye chakula. Walio ndani, wanaokufa kwa kukikosa, wamegeuzwa kuwa mandhari.

Jawabu la upande mwingine liko hatua chache tu kutoka minara ile miwili, katika Mnara wa Taa, uliotumiwa kama gereza kwa muda mrefu. Kuta zake zina michoro na maandishi zaidi ya 600 yaliyochongwa na wafungwa, wengi wao mabaharia wa Kiingereza, Kiholanzi na Kihispania waliotekwa vitani. Wamechora merikebu kwa uangalifu wa watu waliozijua kamba zake moja moja. Wameacha majina na miaka. Hapa hakuna mchapishaji wala mlezi wa fasihi. Kuna mtu, jiwe na haja ya kusema kwamba alikuwapo. Anayeikana kazi hii hadhi ya fasihi atalazimika kueleza fasihi ilianza kwa haja gani nyingine.

Ila kuna kimya kizito kuliko maandishi yote hayo. Katika karne ya 17 na ya 18, safari zaidi ya 400 za merikebu za watumwa zilianzia La Rochelle. Watu waliobebwa kutoka Afrika walipelekwa moja kwa moja ng'ambo ya Atlantiki. Hawakupata ukuta wa mji huu wa kuukwaruza. Wamo ndani yake kama faida tu. Jumba la Aimé-Benjamin Fleuriau, aliyetajirika kwa shamba la miwa huko Saint-Domingue, nchi iitwayo leo Haiti, liligeuzwa mwaka 1982 kuwa Makumbusho ya Ulimwengu Mpya. Tangu mwaka 2015, uani mwake imesimama sanamu ya Toussaint Louverture iliyochongwa na Ousmane Sow wa Senegal. Mkono wa Kiafrika umeandika katika matini hii hatimaye, kwa kuchelewa, na ndani ya nyumba ya bwana.

Mhakiki wa fasihi ya Kiswahili ana la kujifunza hapo. Katika Ngome ya Yesu, Mombasa, Wareno nao walichora merikebu ukutani. Kilwa, mwaka 1776, sultani alitia sahihi mkataba wa kumuuzia Mfaransa Morice watumwa 1,000 kila mwaka, na karatasi hiyo haikutaja jina la hata mmoja wa hao elfu. *Al-Inkishafi*, utenzi mashuhuri kuliko zote kuhusu magofu, huwaomboleza hasa mabwana wa majumba ya Pate. Utukufu wake wa fani haupungui kwa kulisema hilo. Kinachoongezeka ni kazi ya msomaji. Magofu ya pwani yamesifiwa vya kutosha kwa nakshi zake na milango yake. La Rochelle inamfundisha mhakiki kusoma kwa mpangilio mwingine: aanze na jiwe, apite kwenye mkwaruzo, kisha asimame mahali pasipoandikwa kitu, aulize ni nani aliyelibeba jiwe lile.