Harusi ya HD, deki ya bibi

Boom limeisha, acha tuongee video. Bibi yuko kijijini, juu kidogo ya Sumbawanga, ana deki ya DVD tu. Harusi ya dada ilirekodiwa HD, 1920 kwa 1080. DVD ya PAL inabeba 720 kwa 576. Kwa hiyo hariri yote kwenye HD, punguza mara moja tu mwishoni, fremu 25 kwa sekunde, na weka 16:9 watu wasikondeshwe. Diski ya GB 4.7 ipe kama saa moja. Ukiijaza masaa matatu, nyuso zinavunjika vipande vya mraba. Na marehemu babu yumo humo, anacheza. Bibi anataka kuiona sura yake, siyo ukungu. Nawasilisha.