Safari ya Samoni katika Mto Rhine

Leo tuupande mto Rhine wa Ulaya, tukimfuata samaki aitwaye samoni. Yeye huzaliwa katika vijito baridi vyenye changarawe. Akisha kukua kidogo hushuka baharini, hunenepa huko mwaka mmoja au zaidi, kisha hurudi kuzaa katika kijito kile kile alimozaliwa. Hukitambua kwa harufu ya maji yake.

Mwaka 1885 wavuvi walinasa samoni karibu 250,000. Lakini watu waliunyoosha mto, wakaukata kwa kuta za mabwawa, wakamwaga humo uchafu wa miji na viwanda. Ilipofika miaka ya 1950, samoni walikuwa wamekwisha. Kisha, tarehe 1 Novemba 1986, ghala ya dawa za sumu iliungua karibu na Basel, katika Uswisi. Maji ya kuzimia moto yalichukua sumu mpaka mtoni. Mto ukawa mwekundu, mikunga wakafa kwa maelfu. Msiba ule uliwaamsha wakubwa. Mwaka 1987 nchi za mto zilipatana kuusafisha, ili samoni arudi.

Haya, tuingie mtoni. Mlangoni mwa bahari, katika Uholanzi, twakuta ukuta wa Haringvliet uliofungwa mwaka 1970. Tangu mwaka 2018 milango yake huachwa wazi kidogo, samaki wapite.

Tukipita Köln, penye kanisa kuu la minara miwili, twafika mto mdogo Sieg. Hapo samoni walionekana tena mwaka 1990. Je, walikuwa wa ukoo wa zamani? Hapana, ukoo ule ulikuwa umekufa pamoja na njia yake. Ilibidi kuleta mayai kutoka mito ya nchi nyingine na kuachilia watoto wa samaki vijitoni.

Mbele zaidi, penye Iffezheim, twaona vyumba vidogo vya maji vilivyopangwa kama ngazi kando ya bwawa, vilivyofunguliwa mwaka 2000. Gambsheim ilipata ngazi yake mwaka 2006. Lakini kabla ya Basel kuta nyingine zingali zinaziba njia, na watoto wa samaki bado huachiliwa mtoni kila mwaka.

Maji machafu yaweza kusafishwa kwa miaka michache. Ukoo uliokatika hauungwi upesi hivyo. Basi sisi, ambao samaki wa mito yetu bado wanaijua njia ya mazalio yao, tusiwafungie.