Pizza ya ndakala kando ya ziwa, na kelele za watu

Leo sileti habari ya bei ya unga wala ya mashua iliyochelewa. Nataka kuongea juu ya pizza. Msicheke kwanza, kuna jambo ndani yake.

Hapa kwetu, pembeni ya ziwa Tanganyika, kuna kibanda cha mama mmoja anayeuza pizza. Kibanda hakina jina wala karatasi ya kuonyesha vyakula. Meza ni mbao za mtumbwi wa zamani uliopasuka, viti ni bidoni za njano zilizojazwa mchanga ili upepo wa ziwa usizibebe. Ukiuliza leo kuna pizza gani, mama anakujibu: «Ile ziwa imetoa.» Ziwa likitoa ndakala, wale ambao wengine munaita ndagaa, utakula pizza ya ndakala. Likitoa mikebuka, anaichoma, anatoa miiba, anaiweka juu na nyanya na pilipili. Siku ziwa likikataa, ni sombe na vitunguu. Ukitaka nyama, atakuonyesha njia ya kwenda kwa muchoma nyama, bila hasira.

Fromaji haiko. Zamani ile ya Masisi ilisafiri mbali, lakini sasa, na vita ilivyokata njia, kipande kinachofika huku ni cha watu wenye mali. Mama anasema pizza bila fromaji inakuelekea tu, hauna deni nayo.

Tanuru lake ni pipa la mafuta lililokatwa na kupakwa udongo. Makala mengine yako chini, mengine juu ya bati la kufunikia, ndiyo maana mkate unaiva pande zote mbili. Anauza kwa kipande, faranga elfu moja. Asiye na pesa analeta nyanya, vitunguu ao makala, wanapatana. Nimemwona kijana akilipa kwa kumchotea maji bidoni mbili.

Mama huyu alitoka Bukavu Februari 2025, vita ilipofika kule. Alishuka hadi Uvira, akapanda mashua na watoto wake mpaka hapa. Kazi ya pizza aliijua tangu Bukavu, alikuwa anapika katika jiko la watu. Jina lake sitalitaja, aliniomba hivyo.

Sasa kelele. Tangu kibanda kifunguliwe, nasikia maneno sokoni na hata mlangoni pa kanisa: «Kama wakimbizi wako na pesa ya pizza, juu ya nini wanaomba musaada?» Wengine wanasema kwa mzaha, wengine wanasema kwa kweli. Na maneno hayo yanafika mbali. Siku ya kuandika majina ya kupewa chakula, mtu mmoja anaweza kusema familia fulani imeonekana ikila pizza, na jina likaruka. Kwa hiyo mimi nimeona nijibu, kila neno mahali pake.

La kwanza, tuangalie nani anakula. Nimekaa pale jioni nyingi. Kipande kimoja kinagawanywa na watoto watatu ao wane. Mama mmoja wa kambini alimnunulia mtoto wake siku alipofaulu mtihani, yeye mwenyewe akanywa maji. Je, huo ndio utajiri tunaosema? Mtu aliyepoteza nyumba, mbuzi na shamba hakupoteza mdomo wa kuonja wala moyo wa kumfurahisha mtoto. Musaada unapewa mtu juu ya mahitaji yake, haupewi kama malipo ya huzuni ili akiacha kulia akatwe.

La pili, wengi wanafikiri pizza ni chakula cha wazungu wa hoteli. Sivyo ilivyoanza. Ilianza Napoli, mji wa bandari katika Italia, na ilikuwa chakula cha maskini wasio na jiko nyumbani. Mwandishi Mfaransa Alexandre Dumas alipita Napoli mwaka 1835. Katika kitabu alichotoa baadaye aliandika jinsi watu wa chini wa mji ule walivyoishi kwa pizza wakati wa baridi, na kati ya vitu vilivyowekwa juu yake alitaja samaki wadogo. Samaki wadogo, wandugu! Mama wa Bukavu akiweka ndakala juu ya mkate haharibu pizza, anairudisha karibu na kwao. Mwaka 2017 UNESCO iliandika ufundi wa wapishi wa pizza wa Napoli katika orodha ya urithi wa dunia usioshikika. Mwaka 2021 orodha hiyohiyo ikapokea rumba yetu ya Kongo. Kwa hiyo hata katika karatasi za wakubwa, pizza na rumba ni majirani.

La tatu ni la pesa. Unga wa ngano mama anaununua dukani, kwa mfanyabiashara wa hapa. Nyanya ni za mama za sokoni. Samaki ni za wavuvi wetu. Vijana wawili wanaomsaidia, mmoja ni mtoto wa hapa, mwingine ni wa kambini. Faranga elfu ile ya kipande haihami mji, inazunguka mikononi mwetu. Anayesema wageni wamekuja kula mji wetu, ahesabu pia wanacholeta.

Na ndugu zetu wa Bukavu, kuna jambo ambalo pengine hamkuambiwa. Zile sambaza mlizokaanga miaka yote kule Kivu zilitoka katika ziwa letu hili la Tanganyika. Zilibebwa mwishoni mwa miaka ya 1950 na kumwagwa katika ziwa Kivu, maji wasiyoyajua. Hazikufa. Zilizaa mpaka zikalisha miji. Leo ninyi mmeteremka mpaka mahali sambaza zilipotoka. Sidhani kama kuna wa kumwambia mwingine kwamba yeye ni mgeni.

Lakini kinachonitia wasiwasi zaidi ya maneno ya sokoni ni maji. Kibanda kiko chini sana. Wote tunakumbuka mwaka 2024, ziwa lilipopanda na kuingia katika nyumba, kuanzia hapa Kalemie mpaka Uvira na Bujumbura ng'ambo. Ziwa Tanganyika linapokea mito mingi, lakini mlango wake wa kutokea ni mmoja, mto Lukuga, na mlango huo uko hapa kwetu. Mvua ikizidi, maji yanaingia mengi kuliko yanavyotoka, nasi wa kando ndio tunajua wa kwanza. Mama amechomeka kijiti mchangani, na kila asubuhi wakati wa mvua anaangalia maji yamefika wapi. Anajua ataambiwa tena kuhama. Mtu aliyekimbia risasi anaweza kukimbizwa na maji, na hakuna orodha inayomhesabu mara mbili.

Ndiyo maana naandika. Wakubwa wa mji, kama mnapanga kuondoa vibanda vya ukingoni juu ya usalama, ni haki, maji hayabembelezwi. Lakini onyesheni mahali pa kwenda kabla ya kuvunja, kwa wenyeji na kwa waliohama sawasawa. Nanyi wasikilizaji, mkipita pale jioni, nunueni kipande. Asiye na pesa abebe nyanya mbili. Ukimkuta mtoto wa kambini na mafuta kwenye midomo, usikimbie kuhesabu pesa ya mama yake. Mwulize tu kama ilikuwa ya ndakala ao ya mikebuka.

Ya ndakala ni nzuri zaidi. Omba wakuongezee pilipili.